Nimehakikisha Mwenyewe

Ujumbe uliingia saa tatu usiku
nikifunga duka langu la mbegu pale Mbuyuni:
mtoto wa miaka minne, uvimbe kichwani,
yuko hospitali ya rufaa hapa hapa Moshi;
kila ukimtumia mwenzako
kampuni ya simu inatoa shilingi mia.
Watumie watu kumi na wawili, idadi ya mitume,
kabla ya saa sita usiku.
Aliyepuuza kule Mwika alizika ng'ombe wawili.

Sikuuamini sana.
Kampuni ya simu itoe mia, tangu lini?
Lakini kidole kina imani yake,
na wazee wenzangu wa usharika wangeniuliza,
kama wanavyouliza kuhusu mbegu, "Una hakika?"
Basi chini, kabla ya Amina,
nikaongeza maneno mawili tu:
Nimehakikisha mwenyewe.
Nikala kiburu, nikalala.

Darasa la sita tulizinakili kwa mkono barua hizi,
nakala tisa, karatasi za katikati ya daftari.
Mwalimu alituchapa kwa kuharibu madaftari,
si kwa uongo.
Angalau mkono ulichoka.
Uongo wa siku zile ulikuwa na jasho.

Asubuhi, sijatoa kufuli, Mama Apaikunda yuko mlangoni.
Ametembea kutoka Njoro, pindo la kanga limelowa umande,
simu ya tochi mkono mmoja,
mkono wa pili mia tano iliyokunjwa mara nne.
"Nimewatumia saba, salio likakata.
Wamebaki watano, na saa sita imepita.
Mwanangu yuko njiani na lori, Tunduma.
Sijalala, Mzee."

Nikamwambia, Mama, si kweli ule.
Akanitazama kama niliyemuuzia mbegu zilizooza.
"Si umeandika umehakikisha?"

Siku hiyo nilipanda bodaboda hadi hospitali
kuhakikisha nilichokwisha kuhakikisha.
Muuguzi hakuinua kichwa.
"Wa uvimbe? Wewe ni wa kumi na moja. Hayupo, hajawahi kuwepo.
Yupo huyu wa dirishani, aliyeungua na uji,
mama yake hana nauli ya kurudi Same.
Huyo hajaandikwa na mtu."
Nilitoa elfu ishirini.
Msinisifu. Niliitoa kama anayelipa faini.

Jumapili, baada ya baraka, tukatoka nje kwenye mnada wa sadaka:
mkungu wa mshare, trei ya mayai, jogoo mmoja.
Nikamwomba mnadishaji dakika.
"Ule ujumbe. Niliandika nimehakikisha.
Sikuhakikisha. Nilidanganya."

Hapa ningependa kuwaambia kwamba jogoo aliwika.
Hakuwika.
Alikuwa amefungwa miguu, anahema.

Mzee Ndelilio akasema, "Kwani umemwibia nani?
Si watu wameomba?"
Waliomba, ni kweli.
Na Mungu huyapokea hata maombi yaliyokosea anwani,
hiyo ni kazi yake, anaiweza.
Ila mimi hakunituma nimpambie.
Uongo una baba mmoja, tumesoma wote;
sijaona palipoandikwa
kwamba wale wenye nia njema wana baba mwingine.

Mnada ukaendelea. Mshare ulifika elfu kumi na nane.
Mama Apaikunda alinunua mayai, akapita bila kunisalimu.
Mwanawe alirudi Jumanne, mzima, na zawadi ya mchele.
Mama anaamini ni wale saba.
Sijui nimwambie nini.

Jana usiku ujumbe umenirudia,
safari hii kutoka kwa shemeji yangu wa Mwanza.
Mtoto sasa ana miaka sita.
Kampuni imepanda hadi mia mbili.
Ng'ombe wa Mwika wamefika wanne.
Na chini, kabla ya Amina,
maneno yangu mawili, mazima,
hakuna aliyeyagusa.